Jibu: Mama kawekewa betri ya moyo, je aache simu?

Mkuu, mpe mama pole kwa hiyo betri ya moyo (pacemaker), kifaa cha kusaidia moyo kupiga. Simu asiache. Hayo ya jirani yako, kwamba ikiita tu betri inazimika, yametiwa chumvi. Shida ni anapoiweka. Mama zetu simu hukaa kwenye sidiria, na mara nyingi ni upande uleule wa kushoto ambako kifaa kimelala chini ya mtulinga. Aihamishe, iwe mbali nacho sentimita 15 au zaidi, na aongelee sikio la kulia. Mimi yangu inakaa mfuko wa suruali, hata nikiwa nimebanwa kwenye daladala la Mbagala.

Cha kuogopa zaidi ni sumaku. iPhone 12 ina sumaku mgongoni, na spika na earphone nazo zinazo. Sumaku ikikaa juu ya kifaa, kinaacha kusikiliza moyo na kupiga kwa kasi moja tu. Ukiiondoa, kwa kawaida kinarudi. Ila kama chake ni kile cha kushtua moyo kwa umeme (ICD), sumaku inakizuia kushtua, kwa hiyo hapo msifanye mzaha.

Maikrowevu, feni, pasi, TV, atumie tu. Majiko ya induksheni wanayouza sasa hivi, yale ya umeme yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, asimame mbali nayo sentimita 60. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani awapitie mbali. Milango ya ukaguzi apite bila kusimamasimama, na akipimwa kwa kile kirungu cha mkononi aonyeshe kadi ya kifaa aliyopewa hospitali, awaombe wasikishikilie kifuani. Hiyo kadi anatembea nayo?