Mwalimu wa Lamu auliza: nitafunza vipi mawe bila maabara?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Nafunza sayansi gredi ya nane hapa Lamu. Watoto kila Jumatatu waniletea mawe, mengine ya Manda, mengine wameokota pwani Shela, na maabara hatuna, vitabu vyote Kiingereza. Mwenzangu kanitajia mwalimu wa zamani wa Kihungaria alofunza mawe kwa lugha yao. Ni nani, na atanifaa nini?
Mwalimu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu wangu, swali lako limenifurahisha sana. Huyo ni Ferenc Benkő, alizaliwa 1745 huko Transylvania, siku hizi ni Romania, akafa 1816. Alikuwa mchungaji wa kanisa kisha akawa mwalimu kwenye chuo cha Nagyenyed. Sasa wakati ule msomi alikuwa aandika Kilatini ama Kijerumani, na kwao kumejaa migodi ya dhahabu, yaani mtu ashika jiwe kila siku lakini elimu yake iko kwa lugha ya wengine. Benkő akaanza kwa kutafsiri kitabu cha Mjerumani Abraham Werner, mtaalamu wa madini, cha kutambua mawe kwa sura yake ya nje, na 1786 akatoa chake mwenyewe mjini Kolozsvár, kitabu cha kwanza cha elimu ya madini kilichotungwa kwa Kihungaria.

Na hapa ndipo atakufaa, kwa sababu njia ya Werner haikutaka mitambo, ilitaka macho, kucha na mkono: rangi gani, lang'aa vipi, zito ama jepesi, lakwaruzika na nini, ukilisugua laacha mstari wa rangi gani.

Hebu jaribu hii. Tafuta kigae kilichovunjika, upande wa nyuma ule mkavu usio na rangi, usugue jiwe. Lenye kutu ya chuma laweza kuwa jeusi kwa nje na mstari ukatoka mwekundu kama damu, watoto watapiga kelele, wallahi. Kisha chukua jiwe la Manda, hili la kujengea nyumba zetu, likwaruze kwa msumari upate unga kidogo, tonesha ndimu ama siki. Vile vipovu ni hewa itokayo chokaa ya matumbawe ikiyeyuka, chokaa ile ile wazee wetu walochoma kupaka kuta. Rudia na mchanga wa Shela, ukiona vipovu ujue mna vipande vya kombe humo.

Ila wakataze kuonja jiwe wasilolijua, mengine yana sumu.

Na majina msiogope kuyatunga kwa Kiswahili, Benkő naye ilibidi atafute maneno kwa lugha yake, tena kwa kazi kubwa. Pale Nagyenyed alianzisha makumbusho ya chuo, 1796. Wewe anza na katoni ya viatu, kila jiwe likae na kikaratasi chake: nani kaliokota, wapi, na mstari wake ulitoka rangi gani.