Barua kwa mwanangu: ile 1,3 ya dada yako

Mwanangu Baraka,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili baba yako akiwa pembeni anajifanya anasoma gazeti. Umeuliza jambo moja tu: ukienda Ujerumani muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, utachelewa kuhitimu? Jibu fupi lipo. Kwenda hakumcheleweshi mtu, karatasi ndizo zinazomchelewesha. Lakini najua halikutoshi, na mimi mwenyewe halinitoshi, maana kila nikisikia Ujerumani na kuhitimu vikitajwa pamoja, naiona ile karatasi ya Rehema.

Wewe ulikuwa bado shule, labda unakumbuka vilio tu. Dada yako alirudi na matokeo ya masomo matano kwenye karatasi moja yenye mhuri wa bluu. Somo la Takwimu: 1,3. Kwa koma, si kwa nukta, kwa sababu Wajerumani huandika desimali kwa koma. Kwao 1,0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4,0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5,0 umeanguka. Baada ya 1,0 inafuata 1,3, kwa hiyo Rehema alikuwa amebakiza ngazi moja afike juu. Karani wa chuo chake hapa nyumbani akaitazama, akabadilisha koma kuwa nukta, akaiingiza kwenye mfumo hivyo hivyo, katika kipimo chetu cha 5 ambacho 2.0 ndiyo mlango wa kufaulu. Binti akasomeka kafeli Takwimu. Na lile somo lililomtesa kuliko yote, alilotoka nalo na 3,7, likasomeka ndilo alilong'ara! Nilipoiona ile orodha nilicheka kwanza. Kicheko kilikatika nilipoambiwa masahihisho yanasubiri kikao cha kamati, na kamati imeshakaa. Jina halikuingia kwenye orodha ya wahitimu mwaka ule, na gauni aliloshona shangazi yako likarudi kabatini.

Sasa sikiliza dawa yake, ni ndogo mno kwa maumivu yale. Wajerumani wana kanuni wanayobadilishia alama za nje, inaitwa kanuni ya Bavaria iliyorekebishwa. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo, toa alama aliyopata mwanafunzi, gawanya kwa tofauti kati ya ile ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Ukiigeuza ije kwenye kipimo chetu cha 5 chenye mlango wa 2.0, inabaki hesabu ya mtoto wa shule ya msingi: toa alama ya Kijerumani kwenye 6. Hiyo 1,3 inakuwa 4.7. Ile 3,7 inakuwa 2.3. Mstari mmoja tu wa maandishi ungetosha, na haukuwepo. Sikwambii kwamba chuo chako kitaikubali kanuni hiyo. Kila chuo kina yake. Nakwambia uwaulize wanatumia ipi kabla hujaondoka, na jibu liwe limeandikwa na kutiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka. Si kwa mdomo, na si kwa “usijali, tutaangalia ukirudi”. Karatasi kwanza, sanduku baadaye. Najua mnanicheka kwa msemo huu.

Karatasi kubwa kuliko zote ni mkataba wa masomo. Una sahihi tatu: yako, ya chuo chako, na ya chuo kinachokupokea. Upande mmoja unaorodhesha masomo utakayosoma kule, upande wa pili masomo ya hapa yatakayofutwa badala yake. Vijana wengi huujaza ule upande wa kwanza kwa raha zote, na wa pili wanaandika neno moja tu, “masomo ya hiari”. Huo ni mtego. Ukirudi, masomo yako ya lazima yanabaki palepale yanakusubiri, na hapo ndipo muhula unapoongezeka. Andika somo kwa somo, na namba zake.

Halafu krediti. Krediti ya kwao, ile ya ECTS, mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya, huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi, mihadhara na kujisomea vyote ndani. Yetu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni saa 10. Kwa hiyo somo la krediti 6 la kwao ni saa 150 hadi 180, yaani krediti 15 hadi 18 za hapa. Karani akikuandikia 6 kwa sababu kaona 6, kakunyang'anya zaidi ya nusu ya jasho lako. Muhula kamili wa kwao ni krediti 30, lakini saa 600 ambazo muhula wetu wa krediti 60 unazidai unazipata kwa 20 hadi 24 za kwao. Usijitwike 30 kwa sababu tu fomu imeandika 30. Kozi ya Kijerumani ichukue, lakini usiitegemee ihesabiwe kwenye shahada. Na ukikuta somo linalotolewa bila alama, matokeo yakiandikwa “bestanden” tu, maana yake umefaulu na basi, ulizia kama unaweza kupewa alama. Mfumo wa hapa haujui kupiga wastani wa neno.

Jua pia kwamba ule mkataba utabadilika. Utafika ukute somo ulilochagua hutolewa majira ya joto tu, au kwenye orodha liliandikwa Kiingereza na mwalimu anafundisha Kijerumani, au linagongana na lingine. Hilo ni la kawaida, halina kosa la mtu. Kosa ni kubadilisha kimyakimya. Zile wiki za mwanzo za muhula ndizo za kurekebisha mkataba, na sahihi tatu zinatakiwa upya. Rehema alibadilisha somo moja akamwandikia mratibu wake barua pepe, akajibiwa “sawa”. Neno sawa halina mhuri. Lile nalo lilikuja kumla.

Kuhusu mitihani, hapa soma taratibu. Kujiandikisha kwenye somo si kujiandikisha kwenye mtihani. Ni vitu viwili, kwenye mfumo wa mtandaoni, na dirisha la mtihani lina tarehe zake, kwa idara nyingi linafungwa wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Umehudhuria mihadhara yote, umekaa mstari wa mbele, jina lako halimo: hufanyi. Na kinyume chake, umejiandikisha halafu hukutokea wala hukujiondoa kwa wakati, idara nyingi hukuandikia 5,0. Ukiugua, nenda kwa daktari siku hiyohiyo upate cheti, si kesho yake. Na usitegemee alama za kazi za muhula kama hapa, ambapo unaingia chumba cha mtihani tayari una kitu mfukoni. Kule mara nyingi mtihani mmoja wa mwisho ndio alama yote, na wakati mwingine ni wa mdomo, nusu saa uso kwa uso na profesa. Ukianguka, wa marudio huenda ukawekwa karibu na muhula unaofuata, wewe umesharudi nyumbani.

Saa zao nazo. Ratiba ikiandikwa 10 c.t., muhadhara unaanza saa nne na robo. Ikiandikwa 10 s.t., ni saa nne kamili. Ni Kilatini cha zamani, robo saa ya kutoka darasa moja kwenda jingine, na vyuo vingi bado vinaishika. Ukiizoea sana itakuumiza siku ya mtihani, maana mtihani mara nyingi ni s.t.

Hapo nimekumbuka. Wiki yake ya kwanza Rehema alipiga simu usiku, sauti imeshuka. Profesa alipomaliza kufundisha, ukumbi mzima ulianza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, ko-ko-ko-ko, naye akadhani wanafunzi wanamzomea yule mzee wa watu. Akakusanya vitabu, moyo mbio, anasubiri vurugu. Kumbe ndivyo wanavyopongeza mhadhiri, badala ya kupiga makofi. Tulicheka mpaka baba yako akaamka. Mwezi wake wa pili kule akaniambia, “Mama, leo nimegonga na mimi.” Sijui kwa nini hilo nalikumbuka waziwazi kama ile 1,3.

Mengine nitayapitia haraka. Muhula wa baridi unaanza rasmi tarehe 1 Oktoba, mihadhara katikati ya Oktoba hadi karibu katikati ya Februari. Unaoana na kalenda yetu vizuri kuliko ule wa Aprili, ambao mihadhara yake inakwenda hadi Julai na mitihani inaweza kumwagikia Agosti. Lakini alama za Februari hazitoki Februari. Maprofesa wanasahihisha kwa wiki nyingi, na karatasi rasmi ya matokeo inaweza kukufikia Aprili au baadaye. Ndiyo maana napenda mtu aende mwaka wa pili au wa tatu wa shahada ya miaka minne, asiende muhula wa mwisho. Hilo ndilo jibu la swali lako lililo karibu zaidi na swali lenyewe, na nimelificha katikati ya barua kama ulivyozoea.

Fedha: kwa viza wanataka uthibitisho wa euro 992 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa Septemba 2024, ama kwa akaunti iliyofungwa inayokutolea kidogo kidogo kila mwezi, ama kwa barua ya ufadhili. Kama ni ufadhili, uliza unalipwa kwa awamu ngapi na ya kwanza inaingia lini, kwa sababu dhamana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, inadaiwa mwanzoni. Bima ya afya iwe tayari, bila hiyo chuo hakikusajili.

Ukishahamia chumbani una wiki mbili za kujiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji. Huko watadai karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, neno refu kama treni. Iombe siku unapokabidhiwa ufunguo. Baada ya hapo itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni usiwe nayo. Wageni huitupa wakidhani ni matapeli. Si matapeli, ofisi ya mji ndiyo iliyowapa anwani yako, na deni linakua. Mkiwa nyumba moja watu watatu, analipa mmoja mnachangiana. Siku ya kuondoka, jifute kwenye orodha ya makazi katika ofisi ileile. Huwezi kufanya hivyo mapema zaidi ya wiki moja kabla ya kuhama. Asiyejifuta anaendelea kudaiwa akiwa huku kwetu. Na dirisha la chumba lifungue wazi dakika chache asubuhi na jioni, hata theluji ikianguka. Ukuta ukiota ukungu, dhamana yako ndiyo itakayopaka rangi.

Najisoma hapa naona nimekuandikia kana kwamba safari yote ni mihuri. Labda ndivyo ninavyoona mimi kwa sababu nimekaa ofisi ya usajili miaka mingi, na aliyeshika nyundo kila kitu kwake ni msumari. Rehema mwenyewe ukimuuliza, huo mwaka uliopotea hauhesabu. Anasema kule ndiko alikojifunza kumwuliza profesa swali bila kuomba radhi kwanza. Nami ningemwambia, sawa, lakini kuuliza kungewezekana na karatasi zikiwa kamili. Anajibu kwamba zile karatasi ndizo zilizomfundisha kugombana na ofisi, na siku hizi hakuna ofisi inayomzungusha. Hapo huwa ananishinda, halafu nikifungua kabati nikaliona lile gauni, nashinda mimi.

Kwa hiyo sikwambii nenda, wala sikwambii baki. Karibu niandike kitu hapa, nimekifuta. Ni muhula wako.

Ukipata fomu ya mkataba, nipigie picha ule ukurasa wa pili, wa masomo ya hapa yatakayofutwa. Ukurasa wa kwanza wenye nembo na bendera mtumie baba yako, keshaanza kuwaambia majirani.

Mama yako