Nilivyorudi kuogelea ziwani nikiwa na nyonga ya bandia

Jumapili iliyopita niliogelea kutoka ufukweni Luchelele hadi kwenye jiwe letu, nikarudi. Wale tunaoogelea pamoja wanalijua jiwe lenyewe. Ni kama mita 200 kwenda na 200 kurudi. Kabla ya kuugua nilikuwa naenda na kurudi mara tatu bila kushika kitu. Safari hii nililikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili, shavu likiwa juu ya jiwe, nikalia. Sioni haya kusema hivyo. Miezi 14 nilikuwa naliota.

Jioni yake nikakuta ujumbe wa msomaji kutoka Musoma: "Shikamoo mama. Nimebadilishwa nyonga mwezi wa pili huu. Daktari anasema kuogelea ruhusa ikifika wakati wake, ila kaka zangu hawataki hata kusikia. Wewe uliwezaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeona nikujibu hapa ili na wengine wasome, maana najua hamko wawili wala watatu mliokatazwa maji.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Mjomba wangu, mvuvi, ndiye aliyenifundisha kuogelea nikiwa na miaka saba. Alinishika kidevu kwa kiganja kimoja, mkono mwingine chini ya tumbo, akaniambia nipige teke kama chura. Teke la chura ndilo nililoogelea nalo maisha yangu yote. Nikahamia Mwanza, nikaolewa, nikazaa, nikafundisha shule ya msingi miaka 31, na kila wiki nilikuwa majini.

Nilipofika miaka 51 ndipo goti la kulia lilipoanza kuniuma. Nasema goti kwa sababu maumivu yalikuwa gotini kweli, na kidogo kwenye kinena. Kwa miaka miwili nilichua goti. Nikalipiga picha, picha ikatoka safi. Zahanati moja walinipa vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kuwaka, na walipoishiwa la kusema wakaniambia ni uzee na unene. Jirani akaniambia nimetupiwa kitu. Nikachanjwa chale, naandika nikiwa na alama zake. Sitaisahau ile miaka miwili, na mpaka leo ikinijia usiku inaniuma kuliko kidonda cha upasuaji.

Aliyenigundua ni daktari kijana sana, umri wa wanafunzi wangu. Hakugusa goti kabisa. Alinilaza chali, akakunja mguu wangu, akausokota taratibu kuelekea ndani. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Akasema, "Mama, goti lako ni zima. Nyonga ndiyo imesagika." Nyonga ikiharibika, maumivu yake mara nyingi hushuka mpaka gotini. Kama wewe unayesoma unachua goti mwaka wa pili sasa na picha zake ni safi, nenda kapige picha ya nyonga. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Nyonga ni kama mpira ndani ya bakuli. Katikati kuna gegedu, ule utelezi unaofanya mfupa usikwaruze mfupa mwenzake. Langu lilikuwa limekwisha. Wanachofanya ni kukata kichwa cha mfupa wa paja, wanaingiza shina la chuma ndani ya mfupa, juu yake wanaweka mpira mpya, na upande wa kiunoni wanaweka bakuli lenye plastiki ngumu ndani yake. Namna hii ya upasuaji ilitengenezwa na daktari Mwingereza John Charnley miaka ya 1960. Sasa hivi watu wanaishi nayo miaka 15, 20 na zaidi. Mcheza tenisi Andy Murray aliwekewa chuma nyongani Januari 2019, na Oktoba mwaka huohuo akachukua ubingwa wa mashindano kule Antwerp. Yake ni ya aina tofauti kidogo, walimfunika kichwa cha mfupa badala ya kukikata, lakini nilibandika habari yake ukutani, pembeni ya kalenda ya kanisa.

Fedha zilipatikana kwa watoto wangu na kikoba chetu. Nilipasuliwa Machi mwaka jana kwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Huoni kitu, wamekuwekea pazia, husikii maumivu, ila unasikia nyundo. Daktari anagonga lile shina liingie kwenye mfupa na mwili mzima unatikisika kitandani kama mbao kwenye benchi la seremala. Nilikuwa naimba pambio kimoyomoyo. Kesho yake walinisimamisha na fremu.

Mimi nilipasuliwa kwa upande wa nyuma, na masharti yake ni makali: usikunje nyonga kupita pembe ya digrii 90, usipishanishe miguu, usigeuzie mguu ndani. Ukivunja masharti mpira unaweza kuchomoka kwenye bakuli. Waliopasuliwa kwa mbele masharti yao ni tofauti, kwa hiyo uliza umepasuliwa wapi kabla hujaiga ya mtu. Hakuna aliyenieleza kwamba kwa nyumba zetu hiyo maana yake ni choo cha kuchuchumaa basi, kigoda cha jikoni basi, mkeka basi, kuinama kufua basi. Nilitoka hospitalini na karatasi ya tarehe ya kliniki, mengine nikayagundua mwenyewe mlangoni kwa choo. Mwanangu alimwita fundi usiku uleule akatengeneza kiti kirefu chenye tundu katikati. Tengeneza kiti hicho kabla ya kwenda kupasuliwa.

Wiki sita za mwanzo nazipita. Nililala chali, nikachoma sindano za kuzuia damu kuganda, nikahesabu mabati.

Sasa kosa langu, ambalo sikuwahi kuliandika. Wiki ya saba kidonda kilikuwa kimefunga. Nikajiambia niko tayari. Sikumuuliza daktari, nikamdanganya mwanangu kwamba naenda jumuiya, nikachukua bajaji mpaka ziwani. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameniambia mbele ya wageni, "Wewe sasa ni wa kukaa barazani, ziwa waachie watoto." Neno lile ndilo lililonipeleka, nakiri, wala si hamu ya maji. Nikaacha fimbo juu ya mwamba, nikaanza kushuka kwenye mawe. Mnayajua mawe yetu, yana ule ukijani wa utelezi chini ya maji usiouona. Maji yalikuwa bado magotini. Wimbi dogo likaja, mguu wa kulia ukateleza kati ya mawe mawili, mwili ukageuka mguu ukabaki. Nikakaa kwenye maji kwa kishindo.

Vijana waliokuwa wakianika dagaa ndio walionibeba. Picha ilionyesha chuma kiko mahali pake, Mungu ni mwema. Lakini misuli ilikuwa imechanika, nikarudi kwenye magongo wiki tatu nyingine. Daktari hakunigombeza, na hilo lilinivunja zaidi. Alisema tu, "Mama, ngozi ikifunga nje, ndani bado wanajenga." Pia akanieleza nilichokuwa sijui: vijidudu vya maji ya ziwa vikipata upenyo mpaka kwenye chuma, vinajificha pale na dawa zinavifikia kwa shida, unaweza kupasuliwa upya.

Ndiyo maana nakusisitiza, mdogo wangu: hatari kubwa iko pale unapoingia na unapotoka. Maji yenyewe ni rafiki. Yakikufika kiunoni, miguu inabeba kama nusu tu ya uzito wako, na yakifika shingoni inabeba kama sehemu moja ya kumi. Hakuna zoezi la nchi kavu litakalokupa hilo. Lakini kabla ya kufika kiunoni kuna magoti, na kabla ya magoti kuna jiwe.

Mwezi wa nne tangu nipasuliwe, kwa ruhusa ya daktari, nikaanza kwenye bwawa la hoteli. Shilingi 10,000 kila ninapoingia, nikaacha soda na vitenge vipya. Siku ya kwanza msimamizi aliniangalia na fimbo yangu akaniambia mama, bwawa hili ni la kuogelea. Nikamwambia ndicho nilichokuja kufanya. Nilishuka kwa ngazi nikiwa nimeyapa maji mgongo, mguu wa upasuaji ukitangulia, mzima ukifuata, kama walivyonifundisha kwenye ngazi za nyumba. Mara tatu za mwanzo sikuogelea. Nilitembea tu majini, mbele, nyuma, ubavu, dakika 20, nikatoka.

Mara ya nne nikajiachia, na miguu ikapiga teke la chura yenyewe. Miaka 50 haiulizi ruhusa. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ukingoni, akapiga kelele "Simama!" Teke la chura linapanua na kuzungusha nyonga kwa nguvu, na ndilo wanalolizuia kwanza. Wengine wanaruhusiwa baada ya miezi kadhaa. Mimi, kwa sababu ya ule mchaniko wangu, nimeambiwa niliache kabisa.

Hapo ndipo nilipoona kifo cha kitu. Kuliacha lile teke niliona kama namwacha mjomba. Nilikaa wiki mbili bila kwenda bwawani, nikisema kama si lile basi sitaki jingine. Nilikosea. Ziwa halikujali napiga teke gani, mimi ndiye niliyejali.

Nikaanza upya kama mtoto: kuogelea chali, miguu ikipiga taratibu kutoka pajani, kisha kifudifudi, mikono ikipishana. Mguu wa kulia ulikuwa unakwenda pembeni kama kasia lililolegea. Aliyenisaidia ni mvuvi mmoja jirani, alinipa maboya mawili ya nyavu. Nikayafunga pamoja kwa ukanda wa mpira wa tyubu, nikayabana katikati ya mapaja. Miguu inaelea yenyewe, haipishani, kazi yote inakwenda mikononi. Mtaalamu aliyashika, akayageuzageuza, akasema endelea. Miezi miwili niliogelea na yale maboya, kisha nikawa nayaacha nusu saa ya mwisho.

Watu wananiuliza, mtu mzima kama wewe, kuogelea kwa nini? Hili swali linanikera na nitalijibu bila kupaka mafuta. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama, nami nilikuwa mjini hapa. Nilisimama uwanja wa Nyamagana kwenye majeneza, nikatafuta jina la mtu niliyesoma naye. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka pale Ukara, gati likionekana, na watu zaidi ya 200 wakafa. Tunaishi juu ya ziwa hili, tunakula sangara na sato wake, tunalivuka kwenda misibani, halafu tunawaambia watoto wa kike wasiguse maji na wazee wakae barazani. Nimefundisha watoto 40 na ushee kuogelea, wangu na wa jirani. Nikikaa barazani, nani anawafundisha? Ninyi kaka na dada mnaowafungia wazazi wenu ndani kwa jina la upendo, misuli ya nyonga isipofanya kazi inalegea, na mtu mwenye misuli iliyolegea ndiye anayeanguka. Mwulizeni daktari wake, msijiulize wenyewe kwa wenyewe.

Ziwani nilirudi mwezi wa tisa tangu nipasuliwe. Sikurudi kwenye mawe. Nilitafuta mahali penye mchanga, mteremko wa polepole, nikaenda na mtu wa kunishika mkono wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Narudia, na wakati wa kutoka, kwa sababu umechoka na mguu unatetemeka. Tunaingia saa moja asubuhi. Upepo wa kutoka ziwani bado haujaamka, na vimelea vya kichocho huwa vingi zaidi majini jua linapokuwa juu, ingawa asubuhi pia si salama kabisa, kwa hiyo napima na kumeza prazikwanteli ninapoambiwa. Penye majani na konokono siingii. Nawauliza wavuvi habari za mamba kabla ya kuvua kanga. Na nikiwa na kidonda, hata cha wembe, naahirisha.

Ukiona kigimbi kimevimba na kinauma, au homa, au kidonda kinatoa maji, acha habari za kuogelea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kaka yangu alikuja Jumapili. Sikumwalika, watoto ndio walimwambia. Nilipogeuka kutoka kwenye jiwe nilimwona amekunja suruali, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, kitenge changu begani. Nilipofika alinyoosha mkono. Hakusema chochote kuhusu baraza, nami sikumkumbusha. Nikashika mkono, nikatoka, mguu mzima mbele.

Mdogo wangu wa Musoma, maboya yangu siyahitaji tena. Nimeyaosha, nimebadilisha ukanda, nitayapakia kwenye basi pale Nyamhongolo Jumatano asubuhi. Usiyatumie mpaka daktari wako aseme. Ukanda ukikubana, ulegeze upande wenye fundo.