Tantini, santuri za baba zibaki au niende kwenye CD?

*Tantini, baba alitutoka mwaka jana hapa Lubumbashi, akaniachia makartoni mawili ya santuri na mashine yake. Mdogo wangu anasema niuze vyote, ninunue mashine ya CD, sauti yake ni safi. Rafiki zangu wanasema CD haina roho. Bibi yangu wa ndoa anataka tu vitu vitoke sebuleni. Makuta niliyonayo yanatosha kutengeneza ile ya baba au kununua mpya, si yote mawili. Nifanye nini? — Mwana wa Kamalondo*

Mwanangu, pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hapo juu nimeifupisha sana. Ina kurasa tatu za sauti na mstari mmoja wa bibi yako. Huo mstari nitaurudia.

Habari ya roho waachie wanaobishana mbele ya chupa. Kwa vipimo, mdogo wako hakosei. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa vipande 44,100 kila sekunde, haikwaruzi, na dakika 74 zinapita hujainuka kitini. Santuri kubwa inakupa dakika 20 na kidogo, kisha inakudai uigeuze. Lakini usafi unategemea nani aliitengeneza na kutoka wapi. Kwa muziki wetu wa zamani, kuna CD zilizonakiliwa kutoka kwenye santuri zilizochoka, kwa kuwa kanda za studio hazikuonekana tena. Unanunua CD, kumbe unasikiliza mikwaruzo ya sahani ya mtu mwingine! Ya baba yako, kama aliitunza, inaweza kuishinda.

Sasa angalia nyumba unayokaa. Mashine nyingi za santuri za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme, 50 kwa sekunde. Umeme ukikatika ukawasha jenereta ndogo, ile inayohema kama mbuzi mgonjwa, wimbo nao unapanda na kushuka. Kwangu ilitokea siku ya ubatizo: mwimbaji alianza vizuri, akawa mlevi, akalala, akaamka. Wageni walicheka mpaka padri. Mashine ya CD ina saa yake ndani. Mradi ipate umeme, sauti haiyumbi. Na vumbi letu jekundu la Julai unalijua. Likiingia kwenye mfereji wa santuri, sindano inalisaga humo humo.

Pamoja na hayo, usiuze. Mashine ya CD utaipata hata mwaka kesho, tena ya mtumba. Santuri za marehemu zikishatoka mlangoni, utazitafuta kwa nani?

Makuta yako anza nayo kwenye sindano mpya na mkanda wa mota, kama mashine yako inatumia mkanda. Kabla ya hapo usicheze hata moja, kwa sababu sindano iliyokwisha inachonga sahani, na kilichochongwa hakirudi. Tazama pia juu ya kichwa cha mkono wa mashine. Wazee wetu walipenda kubandika sarafu pale ili sindano isiruke. Itoe. Sindano nyingi za nyumbani hutaka uzito wa gramu 2 hivi, na sarafu inaweza kuuzidisha maradufu au zaidi.

Ukichambua makartoni, ukikuta sahani nzito inayovunjika kama ya udongo, hiyo ni ya mizunguko 78 kwa dakika, ya enzi ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Iweke kando. Mfereji wake ni mpana, unataka sindano yake maalumu. Zinazobaki zisimamishe wima kama vitabu, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Ukizirundika chini ya mabati, zitajikunja kama chapati.

Sasa bibi yako. Yeye hakusema uuze, kwa maneno yako mwenyewe: alisema vitoke sebuleni. Mwaka mzima amefagia akizunguka makartoni ya baba mkwe, na wewe unajibu kwa hesabu za sauti. Mwite fundi seremala atengeneze rafu moja yenye mlango, kwenye chumba mnachokubaliana. Zile santuri mbili ulizonitajia kwenye barua, ambazo baba alipiga kila Jumapili, ambazo bibi yako naye anazijua, zianze kwenye rafu hiyo.

Kwenye makartoni hutakosa zile ndogo za mizunguko 45, ambazo wimbo umekatwa katikati na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza, iko upande wa pili. Mkishaanza kucheza, anayeinuka kuigeuza ni wewe, si yeye.