Tazama mwamba kabla ya zumaridi

Anayeanza kukusanya zumaridi za zamani zikiwa bado kwenye mwamba wake huvutwa na ule ukijani. Nami ulinivuta. Kipande changu cha kwanza kilikuwa fuwele nene ya pande sita, imesimama juu ya kalisiti, aina ya madini, nyeupe. Nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu kitoke vumbi. Asubuhi nikaikuta fuwele imelala chini ya bakuli, na pale iliposimama pana tundu la kuchongwa, lenye ute wa gundi.

Tangu hapo naanzia pale fuwele inapokutana na mwamba. Iliyokulia humo imebanwa bila mwanya: kalisiti imepanda ubavuni mwake, au maganda ya mika, madini yanayobanduka kwa matabaka membamba yanayong'aa, yameizunguka. Ukiona mshono unaong'aa, au unga wa mawe uliokandwa na gundi, shika pesa zako. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, pamoja na taa ya urujuanimno gizani. Gundi nyingi huwaka chini ya taa hiyo. Kalisiti nayo huweza kuwaka, kwa hiyo fuatilia umbo la mng'ao: wa gundi hufuata mshono.

Lakini si kila gundi ni ulaghai. Kalisiti ni laini, fuwele hung'oka, na kuirudisha kwenye tundu lake lenyewe ni ukarabati tu. Muuzaji akikwambia, mpatane bei. Ukigundua mwenyewe, ondoka.

Mwamba pia una kwao. Zumaridi za Muzo, Kolombia, hukaa kwenye kalisiti katikati ya mwamba mweusi wa tope lililogandamana. Za milima ya Ural, Urusi, zilizoanza kuchimbwa miaka ya 1830, hukaa kwenye mika, sawa na za Habachtal, Austria. Kadi ya maelezo inayokuja na jiwe ikisema Muzo na jiwe limejaa mika, kadi hiyo si ya jiwe hilo.

Kadi za zamani zitunze hata zikiwa zimetobolewa na wadudu. Namba ya wino chini ya jiwe usiiguse. Mimi nilishasugua moja nikidhani ni uchafu, na hadi leo sijui jiwe lile lilipita mikononi mwa nani.

Kuhusu usafi: asidi hula kalisiti, mashine za mtetemo hupanua nyufa, na maji ya moto hutoa mafuta yaliyotiwa kuzificha. Mimi natumia brashi laini, kavu.