Hedseti ya kuongelea na simu: kabla hujalipa, muulize wa upande wa pili anasikia nini

Mimi napika chakula cha oda nyumbani Magomeni, pilau, wali maharage, samaki, chapati, afu boda wanasambaza maofisini kuanzia saa tano na nusu mpaka saa nane mchana. Sasa ikifika saa nne tu simu hailali. Mkono mmoja uko kwenye unga mwingine umeshika mwiko, simu inaita, kwahiyo kwa muda mrefu nilikuwa naibana kati ya sikio na bega mpaka shingo ikawa inakaza, usiku nageuka kwa shida. Ndo nikanunua hedseti ya Bluetooth, zile ndogo mbili za kwenye kiboksi ambazo mjini kila mtu anaziita eapodi hata kama siyo. Nikaweka mziki pale dukani nikasikia besi inagonga vizuri, nikalipa nikaondoka nimefurahi.

Kosa lilikuwa hapo hapo. Nilijaribu ninachosikia mimi, sikujaribu anachosikia mtu ninayeongea nae.

Siku moja nilikuwa na oda ya watu 32, kikao cha ofisi Ilala Boma. Nikampigia boda wangu nipo jikoni, mafuta yanachemka, feni inazunguka, nikamwambia peleka Ilala Boma. Yeye akasikia Ilala, mwisho wa neno ukapotea, na kwa vile juzi yake alipeleka mzigo Ilala Bungoni akajua ni kule kule. Mpaka tumeelewana ageuze ilishafika saa nane kasoro na wale watu walishatoka kwenda kula kwingine. Yule dada mteja wangu hakunigombeza hata kidogo, alisema tu haya asante, na tangu siku ile hajapiga tena. Iliniuma na bado inaniuma.

Kwanza nilimlaumu boda. Jioni ndo nikapata wazo la kuhakikisha, nikamvalisha mwanangu ile hedseti nikamsimamisha pembeni ya karai la mafuta ninakaanga vitumbua, mimi nikatoka mpaka nje getini na kitochi changu nikampigia. Jamani. Mafuta yanavyochacharika niliyasikia vizuri kabisa, feni naisikia, na mtoto anasikika kama anaongea ndani ya ndoo iliyofunikwa. Nikamwambia taja namba, akasema moja mbili tatu, nikasikia mo... mbi... ta... yani kila neno linakatwa mkia. Kumbe miezi yote ile wateja wangu walikuwa wanasikia hivyo na wananivumilia.

Baadae fundi mmoja wa simu pale Makumbusho alinieleza na nikamwelewa. Hizi ndogo za kutumbukiza sikioni maiki yake iko sikioni, mbali na mdomo, kwahiyo sauti yako ikifika pale imeshachoka na kelele ya nje inafika na nguvu zake zote. Programu iliyo ndani inajaribu kuchuja kelele, na ile ya bei rahisi inachuja ovyo, inakata kelele pamoja na miisho ya maneno yako. Hedseti yenye kamkono kanakoleta maiki karibu na shavu au mdomo inakuwa na kazi ndogo maana sauti yako inafika kwanza na inafika kubwa. Ndo mana watu wanaopokea simu siku nzima kwenye vituo vya huduma kwa wateja wanavaa zenye mkono.

Kuna herufi zimeandikwa kwenye maboksi ambazo zinachanganya sana watu, ANC na ENC. ANC inakupunguzia kelele wewe unayesikiliza, ukiwa ndani ya daladala unasikia mziki wako vizuri. ENC inapunguza kelele inayoingia kwenye maiki, yani inamsaidia yule wa upande wa pili. Kama shida yako ni kuongea na simu, ENC ndo yako, ANC isikupandishie bei bure. Ila kuandikwa tu kwenye boksi siyo ushahidi, mtu yoyote anaweza kuchapisha boksi.

Na kuna hili ambalo sikulijua. Ukiwa unasikiliza mziki halafu ikaingia simu, sauti ya hedseti inashuka ubora ghafla. Siyo kwamba imeharibika, Bluetooth inabadilisha njia ili maiki nayo ipate nafasi. Kwenye njia ya zamani sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, hizi mpya mara 16,000, na tofauti yake unaisikia kwenye herufi kama s, f na sh, ndo zinazopotea mwanzo. Kwa Kiswahili chetu hii inaleta hasara kabisa, sitini na tisini ni herufi zile zile zimebadilishana nafasi tu! Mteja akisikia elfu sitini wewe umesema elfu tisini hapo ugomvi umeshazaliwa. Mimi siku hizi bei naongea kisha naiandika na meseji, hata kama hedseti ni nzuri.

Sasa kwenye kununua. Wengi tunaenda Kariakoo, mitaa ya Aggrey na kule Msimbazi, na ukishuka tu mawinga wanakupokea, dada njoo tuna ya orijino, dada bei ya kiwandani. Sisemi msiwafuate, wengine wamenisaidia sana, ila usilipe kwa maneno. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, ile iliwezekana kwasababu simu ina IMEI, yani namba yake ya utambulisho, unabonyeza *#06# unaiona unahakiki. Hedseti haina kitu kama hicho, hamna namba ya kuituma popote ikurudishie jibu, kwahiyo kipimo ni masikio ya mtu.

Nilivyonunua hii niliyo nayo sasa nilifanya hivi. Nilimwambia mdogo wangu wa Mbagala akae standby na simu yake. Dukani nikaiunganisha, nikaomba nitoke nayo nje barazani pale bodaboda na bajaji zinapiga honi, muuzaji akasimama na mimi. Simu yangu nikaitia ndani ya mkoba nikafunga zipu, hii muhimu sana, maana ukiishika mkononi unaweza ukakuta maiki inayofanya kazi ni ya simu na wewe unasifia hedseti. Nikampigia mdogo wangu kwa laini ya kawaida siyo WhatsApp, nikamwambia rudia kila ninachosema: sitini, tisini, Boma, Bungoni, Sinza, Tandika. Ya kwanza akakosea mawili. Ya pili akasema dada unakoroma. Ya tatu, hii ya sikio moja yenye kamkono kafupi, akarudia yote bila kuuliza mara mbili, akaniuliza tu mbona leo husikiki kama uko Kariakoo. Nikalipa 65,000/= na sijutii hata shilingi. Zile za kwanza zilikuwa 20,000/=, na hasara ya zile sahani 32 ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo.

Muuzaji akikukatalia kujaribu nje, muage kwa heshima uende duka la pili, maduka hayaishi pale. Na waranti iandikwe kwenye risiti, tarehe na muhuri, hata kama ni ya miezi mitatu.

Kama na wewe una simu mbili kama mimi, simujanja ya WhatsApp na kitochi cha kupokelea hela, ulizia inayoshika simu mbili kwa wakati mmoja. Zipo na siyo lazima iwe ya bei kubwa. Bila hivyo utakuwa kila saa unatoa huku unaunganisha kule na mikono ina mafuta.

Masaa ya chaji yaliyoandikwa kwenye boksi mengi ni ya mziki, ukiongea yanapungua maana maiki nayo inakula. Na hizi za sikio moja ukikuta haichaji kabisa usikimbilie kwa fundi, angalia kwanza waya. Nyingi za bei ya kawaida zinagoma kwenye waya ambao una kichwa kidogo cha C pande zote mbili, ila ukiweka waya wenye kile kichwa kikubwa cha USB upande wa chaja inachaji vizuri tu. Nimeshamwokoa jirani yangu hivyo, alikuwa ameshaitupa kwenye droo anasema imekufa.

Joto letu la Dar na jasho ni adui mkubwa. Ile alama ya IPX4 maana yake inavumilia maji ya kurukiwa, jasho na manyunyu, siyo kudumbukia kwenye beseni. Ila hata ikiwa nayo, usiichaji ikiwa na jasho, zile pini zinaota kutu ya kijani na mwisho hazigusani. Mimi nikiivua naifuta na kitambaa kikavu, naiacha kama nusu saa mbali na jiko, ndo naichaji. Sikio nalo likae wazi lipumue, nilishawahi kupata muwasho kwa kuvaa kutwa nzima bila kutoa.

Kitu kingine kidogo lakini kinasumbua wengi, sauti inakatakata ukiwa unatembea. Mawimbi ya Bluetooth hayapendi maji na mwili wetu mwingi ni maji, kwahiyo hedseti ikiwa sikio la kulia na simu iko mfuko wa nyuma kushoto mwili wako ndo ukuta. Hamisha simu upande ule ule wa sikio, au iweke kwenye mfuko wa aproni mbele. Na ukimaliza kazi hedseti izime usiitupe tu kwenye mkoba, maana simu ikiingia ukapokea sauti inaenda kwenye mkoba na wewe unabaki haloo haloo.

Sauti nayo usiifungulie mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 isizidi masaa 40 kwa wiki, na ikifika 90 ni masaa 4 tu kwa wiki nzima. Sisi tunaoongea katikati ya kelele ndo tunajisahau, kelele ikipanda na sisi tunapandisha. Bora utoke nje dakika mbili uongee.

Na barabarani naomba sana, sikio moja libaki wazi. Ukivuka Morogoro Road pale Magomeni mwendokasi linakuja kwenye njia yake kwa kasi na wewe una masikio mawili yamezibwa, hapana. Boda wangu nimekubaliana nao kabisa kwamba mimi sipigi nikijua mtu yuko njiani, natuma meseji, yeye akisimama ndo ananipigia. Kuna kijana alikuwa anachomeka simu ndani ya helmeti anaongea huku anaendesha, nikamwambia sitakupa mzigo wangu mpaka uache, akaacha. Chakula kikichelewa dakika kumi mteja nitamwomba radhi.

Mnaoniuliza hii yangu ni ya aina gani, nawaambia nendeni na mtu wa kuwasikiliza kwenye simu, maana masikio na midomo yetu haifanani, sauti yangu nzito inaweza kupita kwenye maiki ambayo yako nyembamba inakwama. Hata vile vipira vya sikioni ilivyokuja navyo vilikuwa vikubwa kwangu, vinateleza kila nikiinama kuangalia jiko. Nikanunua vidogo Makumbusho, 1,000/= pea, na tangu hapo haijadondoka kwenye sufuria.