Damu au Malezi? Majibu ya Maswali Yenu

Sosiobiolojia ni nini, na kwa nini iliwagombanisha wasomi?

Ni jitihada ya kueleza maisha ya kijamii ya viumbe, kuanzia sisimizi hadi nyani, kwa njia ya mageuzi, yaani viumbe kubadilika vizazi kwa vizazi, na urithi wa jeni, zile chembe zinazopitisha sifa za wazazi kwa watoto. Mwaka 1975 Edward O. Wilson wa Harvard, bingwa wa sisimizi, alitoa kitabu cha sura 27. Sura ya mwisho, iliyomhusu binadamu, ndiyo iliyowasha moto. Wapinzani wake wakubwa, Stephen Jay Gould na Richard Lewontin, walikuwa wanabiolojia wa hapohapo Harvard. Mwaka 1978, akiwa mkutanoni Washington, wanaharakati walimmwagia maji kichwani. Hofu yao naielewa, kwani habari za urithi zilikwishatumika kuhalalisha ubaguzi. Lakini hoja hujibiwa kwa hoja.

Kama tabia ni jeni, mwanamume mkorofi ana lawama gani?

Anayo yote. Kueleza chanzo cha jambo si kulihalalisha. Malaria nayo ni ya asili, na tunaitibu.

Mjomba ndiye aliyenisomesha. Ni damu tu?

Mwanabiolojia William Hamilton alionyesha kwa hesabu mwaka 1964 kwamba kiumbe aweza kujitoa kwa ajili ya nduguye kwa kuwa wana jeni za pamoja. Kwa wadudu hoja hiyo ina nguvu sana. Sasa sikiliza lugha yetu. Baba mdogo na mjomba, wakiwa ndugu kamili wa wazazi wako, kila mmoja anashiriki nawe wastani wa robo ya jeni. Hesabu ni ileile, ila mmoja tunamwita baba na mwingine hatumwiti. Penye ukoo wa baba, urithi wa mali hupita upande wa baba. Kwa Wamakonde na Wayao, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins alishikilia hoja ya namna hii mwaka 1976, na naona hapo alimshinda Wilson. Damu yaweza kueleza kwa nini tunawapenda jamaa zetu. Haielezi ni jamaa yupi atakayeuza ng'ombe ulipiwe karo.

Je, utamaduni unaweza kubadili mwili?

Ndiyo, na natamani kila mwanafunzi alijue hili. Watu wengi duniani wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawaupotezi. Mwaka 2007 mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa mabadiliko ya jeni waliyoyakuta Tanzania, Kenya na Sudan ni tofauti na yale ya Ulaya. Yalizuka kivyake, yakaenea kwa kuwa watu walikuwa wanafuga. Kibuyu cha maziwa kilitangulia, jeni ikasambaa nyuma yake.